Jina la Mke Katika Daftari la Kikosi

Kila magazeti yanapoandika kwamba jeshi linafanywa la kisasa, picha iliyo juu ya habari hiyo huwa ni ya ndege au ya kifaru. Mwaka 2011, Uganda ilipoanza kupokea ndege za kivita aina ya Sukhoi Su-30 kutoka Urusi, picha zake zilibandikwa hata katika kuta za vibanda vya vinyozi nje ya lango la kambi yetu. Sina ugomvi na ndege. Nchi isiyoweza kujilinda haina pa kuwalaza watoto wake. Lakini mimi ni mke wa askari na binti wa polisi, na karibu maisha yangu yote nimeyapitisha ndani ya ua wa serikali. Kwa hiyo nilisikiapo neno "kisasa" jicho langu haliendi angani. Huenda mlangoni, na kutoka mlangoni huenda mezani kwa karani.

Tuanze na mlango. Katika makambi ya Uganda kuna kibanda ambacho watu wote hukijua kwa jina la "mama ingia pole". Ni kibanda cha udongo na nyasi, au cha turubai na fito, chenye mlango mfupi hata aingiaye hana budi kuinama, tena aingie polepole asije akaangusha sufuria au kumkanyaga mtoto aliyelala. Jina hilo ni la mzaha, na wazee wa kambi hulitamka wakicheka. Wanaocheka zaidi ni wale waliokwisha kuhama humo.

Kwa upande wa polisi kipo kibanda cha mabati cha mviringo tukiitacho unipoti. Mimi nililelewa katika unipoti. Mchana wa jua kali bati hushika joto hata huwezi kuliegemea, na usiku wa mvua kubwa watu walio kitanda kimoja hulazimika kupiga kelele ili wasikizane. Chumba ni duara na kitanda ni cha pembe nne. Nafasi iliyobaki baina ya viwili hivyo ndimo tulimohifadhi viatu, vitabu vya shule na ndoo ya maji. Pazia la kitenge lilitutenga na wazazi. Kaka yangu alipobaleghe alihamishiwa jikoni, akalala pamoja na mkaa, na shuleni akaitwa kwa jina la mkaa mpaka alipoondoka.

Hali hiyo haikufichwa na mtu. Wizara ya Ulinzi yenyewe ilitangaza mpango wa kuwajengea askari nyumba 30,000, kazi ikiwa mikononi mwa Brigedi ya Uhandisi ya jeshi, na huko Naguru, Kampala, maghorofa ya polisi yamesimama. Anayepata nyumba yenye chumba cha watoto na maji ya bomba hupata heshima ambayo haielezeki kwa mtu aliyezaliwa nayo. Hata hivyo nitasema neno ambalo huenda likawaudhi waliomo bado katika vibanda: nyumba si jambo la kwanza. Jambo la kwanza ni kuandikwa. Mwanamke aliyepewa nyumba nzuri bila jina lake kuwamo katika daftari la kikosi ni mgeni wa mumewe tu. Siku mume atakapoondoka duniani, na ugeni wake umekwisha.

Shauri hili ni la zamani katika nchi hii. Askari wa kwanza wa utawala wa Waingereza hapa Uganda walikuwa Wasudani waliosalia wa jeshi la Emin Pasha, ambao Kapteni Lugard aliwachukua mwaka 1891 kutoka pande za Ziwa Albert. Hawakuja peke yao. Walifuatana na wake, watoto na watumishi waliowazidi wao wenyewe kwa wingi mara nyingi. Wenye bunduki walihesabiwa. Waliobaki walionekana kuwa mzigo wa safari. Mwaka 1897 baadhi ya askari hao waliamriwa kufuatana na Meja Macdonald katika msafara mrefu. Walikuwa wamechoshwa na vita visivyokwisha, mshahara wao ulikuwa mdogo tena wa kucheleweshwa, na juu ya hayo wakaambiwa wake zao wabaki nyuma. Walikataa. Waliasi huko Eldama Ravine, mahali palipo leo nchini Kenya, wakarudi hadi ngome ya Luba katika Busoga, na damu nyingi ikamwagika kabla ya uasi huo kuzimwa. Vitabu vya historia hutaja mshahara kwanza. Mimi nisomapo, kidole changu hukaa pale penye wake.

Uasi wa mwezi Januari 1964 wengi wenu mnaujua. Ulianza Tanganyika tarehe 20, ukafika Jinja tarehe 23, ambako askari walimzuia waziri Felix Onama, na kesho yake ukazuka Lanet, Kenya. Safari hii madai yalikuwa mishahara na vyeo vilivyokuwa bado mikononi mwa maafisa wa Kiingereza. Lakini mshahara wa askari wa kawaida mwenye watoto watatu, ukiuchambua, utakuta ni hesabu ya unga, sabuni na karo.

Sasa nitoke katika vitabu niingie nyumbani kwetu. Baba yangu alikuwa koplo wa polisi. Alifariki kwa maradhi nilipokuwa na umri wa miaka 14. Siku ya tatu baada ya maziko, mkuu wa kituo, ambacho sitakitaja, alimwita mama, akampa pole kwa maneno ya adabu, kisha akamweleza kwamba kota inahitajika kwa askari mwingine, na kwamba anapewa siku 30. Hilo mama alilitazamia, kwa maana alikwisha kuona wajane wawili wakitoka kwa namna hiyo hiyo, godoro kichwani. Lililomshtua lilikuwa karatasi.

Katika jalada la baba, mahali pa kuandika mtu wa kuarifiwa na mwenye haki ya kupokea stahili zake, palikuwa na jina la bibi yetu, mama yake baba, ambaye alikuwa amekwisha kufariki miaka sita nyuma. Baba aliliandika jina hilo siku alipoingia depo akiwa kijana wa miaka 19, hana mke wala mtoto. Baada ya siku hiyo alioa, akazaa watoto watano, akahamishwa vituo vinne, akapandishwa cheo. Kila uhamisho uliandikwa. Kila jozi ya buti aliyopewa iliandikwa. Hata kofia aliyoipoteza katika ghasia za sokoni, akakatwa fedha yake, iliandikwa pamoja na tarehe. Sisi hatukuandikwa.

Karani hakuwa mtu mbaya. Alimwonyesha mama ukurasa ule, akamwambia, "Mama, mimi nakujua. Watoto wako hucheza na wangu. Lakini jalada hili halikujui." Kutoka siku ile mama alifuata stahili za baba kwa miaka minne. Alitafuta barua ya mwenyekiti wa kijiji. Alitafuta muhtasari wa mkutano wa ukoo. Alitafuta cheti cha kifo, kisha hati ya Msimamizi Mkuu wa mirathi wa Serikali ya kwamba hana pingamizi, kisha hati ya mahakama ya kusimamia mirathi. Kila karatasi ilidai nauli, na nauli ilitoka katika mandazi aliyokaanga alfajiri. Baba mdogo, ambaye hatukuwa na uadui naye, alishauriwa na watu kwamba msimamizi wa haki ni yeye, akaamini; huo ukawa mwaka mzima mwingine. Fedha zilipopatikana, kaka yangu alikuwa amekwisha kuacha shule, na thamani ya shilingi ilikuwa imeshuka hata zikanunua mabati ya paa moja na mbuzi wawili.

Nimeyasimulia haya kwa kirefu kwa sababu wengi hudhani kwamba mambo ya utumishi ni mambo ya makarani tu, yasiyostahili kuwekwa pamoja na mafunzo na silaha. Kwetu karatasi moja iliyokaa miaka 20 bila kurekebishwa ilifanya kazi ambayo adui hakuifanya.

Mwaka 2003, nilipokuwa nimekwisha kuolewa na askari, serikali iliunda uchunguzi juu ya askari hewa: majina yaliyomo katika orodha ya mishahara ya jeshi bila ya watu kuwapo. Nilisoma habari hizo nikiwa nimekaa juu ya kigoda mlangoni, nikamkumbuka mama. Kumbe karatasi iliweza kumlisha mtu asiyekuwapo, na ikashindwa kumtambua mwanamke aliyesimama mbele yake na watoto watano. Maradhi hayo mawili ni ya ukoo mmoja. Daftari lisilokaguliwa hubeba wasiokuwapo na huwaacha waliopo.

Dawa iliyotumika mnaijua: kuhesabiwa upya, na mishahara kuzidi kupitishwa katika benki badala ya kulipwa mkononi. Hiyo ilikuwa hatua njema na siwezi kuilaumu. Lakini ukurasa huu ni wa nyumbani, na nyumbani mambo huonekana kwa upande mwingine. Zamani mlipaji alikuja na sanduku la bati chini ya ulinzi. Meza iliwekwa chini ya mti. Askari walipanga foleni, wakapiga saluti, wakahesabu, wakatia sahihi. Sisi wake tulisimama mbali tukijifanya tunaanika nguo. Kila mmoja alijua siku, na kwa kukisia alijua kiasi, hata mume akirudi usiku mikono mitupu aliulizwa swali ambalo lilikuwa na msingi. Benki ilipomwondoa yule askari hewa, ilituondolea na sisi ile meza. Fedha ikawa inaingia mahali tusipopaona, kwa tarehe tusiyoijua, na kadi ikakaa katika mfuko wa shati la mtu aliye Karamoja wakati mke yuko Bombo. Nafuu ilitujia kutoka upande ambao hakuna jenerali aliyeupanga. Tangu mwaka 2009, huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoingia nchini, mume mwema hutuma jioni na mke akanunua unga asubuhi. Mume asiye mwema ana simu ile ile.

Hapo ndipo palipo na kazi ya utumishi wa kisasa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, askari wa KAR waliokuwa mbali, hata Burma, waliweza kuagiza sehemu ya mshahara ilipwe jamaa zao katika ofisi ya wilaya. Marekani nayo, mwaka 1942, ilitunga sheria ambayo kwayo dola 22 zilikatwa katika mshahara wa askari wa vyeo vya chini, serikali ikaongeza dola 28, na mke akapokea dola 50 kila mwezi kwa jina lake mwenyewe. Tazameni jinsi mambo mawili yalivyofungwa pamoja. Ili mke alipwe ilibidi kwanza ajulikane: jina, mahali, cheti cha ndoa, idadi ya watoto. Malipo yalilazimisha daftari liwe sahihi, kwa maana jina likikosewa hakuna fedha, na fedha isipofika kelele hupigwa mwezi huo huo, si baada ya miaka 20 juu ya kaburi. Leo, makato ya Wazalendo, chama cha akiba na mikopo cha jeshi kilichoanzishwa mwaka 2005, hutoka katika mshahara moja kwa moja bila ya mtu kupanga foleni. Inayoweza kukata akiba inaweza pia kukata unga. Askari atie sahihi kwa hiari yake kabla ya kupanda lori, sehemu iende kwa mke, iliyobaki iwe yake. Wapo watakaosema kwamba hilo ni kumnyang'anya mwanamume mamlaka ya nyumba yake. Nawauliza: ni nani mwenye mamlaka katika nyumba ambayo mwenye kuiongoza hajaonekana miezi 14?

Hiyo miezi 14 si mfano wa kubuni. Ndiyo niliyohesabu mwenyewe katika kalenda ya ukutani mume wangu alipokwenda Somalia mara ya kwanza. Askari wa Uganda waliingia Mogadishu mwezi Machi 2007 chini ya ujumbe wa Umoja wa Afrika ulioitwa AMISOM, ambao mwaka 2022 uligeuzwa ATMIS, na mwaka 2025 ukafuatiwa na AUSSOM. Majina yamebadilika mara mbili, na kwa wake wa askari kazi ni ile ile ya kungoja. Tarehe 26 Mei 2023 kituo cha askari wetu huko Buulo Mareer kilishambuliwa, na baadaye ikatangazwa kwamba waliokufa walikuwa 54. Siku zile kambini kwetu hakuna aliyepika chakula cha kuitwa chakula. Wanawake walikaa nje ya milango yao, simu mapajani, na kila gari la kikosi lilipopita polepole, mazungumzo yalikatika. Picha zilifika katika simu kabla ya afisa yeyote kufika mlangoni. Mmoja wetu alitambua saa ya mkononi katika picha.

Najua kwamba vita havingoji adabu, na kwamba kutambua maiti huchukua muda. Lakini namna ya kumfikishia mtu habari ya msiba ni kazi iwezayo kufundishwa kama kupangusa bunduki. Afisa aje na kasisi au sheikh, kwa kadiri ya dini ya mwenye nyumba, na aje pamoja na mwanamke mmoja anayejulikana katika safu ile. Aje na jina sahihi la mke. Narudia: jina sahihi la mke, maana nimeshuhudia afisa akisimama mbele ya milango miwili akiuliza mke wa fulani ni yupi, na kutoka milango yote miwili wakatoka wanawake.

Baada ya hapo hufuata karatasi. Fidia iliyowekwa kwa familia ya askari aliyefia katika ujumbe wa Somalia ilikuwa dola 50,000, fedha ambayo watu wengi wa kambini hawajapata kuitamka, sembuse kuishika. Fedha nyingi kiasi hicho huamsha jamaa waliolala miaka mingi. Nimemsaidia mjane mmoja kutoka ofisi moja hadi nyingine, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kambini na mwandiko wangu unasomeka. Mtoto wake wa kwanza alikuwa na majina matatu: moja katika jalada la baba yake, jingine katika cheti cha ubatizo, na la tatu katika kitambulisho cha taifa, tofauti ilikuwa ni herufi moja tu, k moja au mbili. Kwa herufi hiyo tulisafiri mara tano. Mjane huyo hakuwa na mpinzani. Hakuna mke mwingine aliyetokea, wala shemeji mwenye tamaa. Ilikuwa ni k tu.

Msinielewe vibaya mkadhani kwamba serikali haiwezi kuhesabu wake na watoto. Imekwisha kuwahesabu, tena vizuri. Kati ya mwaka 1992 na 1995, vita vya msituni vilipokwisha na jeshi likawa kubwa kuliko mfuko wa nchi, askari zaidi ya 36,000 walipunguzwa chini ya bodi maalumu ya kuwasaidia wastaafu wa jeshi, na pamoja nao wake, watoto na wategemezi wengine wapatao 125,000 waliingizwa katika hesabu. Askari na mkewe walielezwa maisha wanayoyaendea, wakasafirishwa hadi wilaya zao, wakapewa vifaa vya kuanzia na fedha kwa mafungu. Haikuwa safari rahisi. Baadhi ya wanawake walikuwa wameolewa mbali, katika makabila ya mbali, na hawakuwa wamepata kuwaona wakwe zao wala kujua lugha ya kule. Walishuka garini katika kijiji ambacho waliitwa "wale wa jeshi" kwa miaka mingi. Rafiki yangu mmoja wa utotoni aliolewa Teso kwa namna hiyo. Amejifunza Kiateso chote, na bado shambani humwita hivyo. Lakini walikuwa wamehesabiwa. Jambo linalonishangaza hata leo ni kwamba ilikuwa rahisi zaidi kuandikwa wakati wa kutolewa jeshini kuliko wakati wa kuishi ndani yake.

Kuna mambo mengine ya familia ambayo husemwa sana katika mikutano yetu, na nitayapitia upesi. Miradi ya wanawake ni mizuri. Cherehani, keki, uyoga na sabuni za maji zimewasomesha watoto wengi, ingawa ningependa siku moja afisa wa ustawi aje na swali badala ya cherehani. Katika safu yetu kuna muuguzi aliyesomea kazi yake miaka mitatu, naye kila mwaka huandikishwa darasa la kufuma vitambaa. Duka la jeshi lenye saruji na mabati ya bei nafuu limewawezesha wengi kujenga kwao kabla ya kustaafu, na hilo ni jibu kwa ile hofu ya siku 30. Uhamisho, huo ndio unaotuumiza. Amri ya uhamisho ikifika katikati ya muhula, mtoto wa darasa la 7 huhamishwa miezi miwili kabla ya mtihani, au huachwa kwa jirani, na kila mama ajua gharama ya kumwacha binti wa miaka 13 kwa jirani. Pasipo dharura ya vita, askari mwenye watoto shuleni na ahamishwe mwezi Desemba. Lakini ili mkubwa wa utumishi ajue ni askari yupi mwenye mtoto wa darasa la 7, itampasa kuwa na daftari lenye watoto ndani yake, na hapo tumerudi pale pale mezani kwa karani.

Mume wangu alipokuwa akijiandaa kwenda Somalia mara ya pili, usiku mmoja tulifunga mlango mapema, tukawasha taa, tukamwaga mezani karatasi zote tulizokuwa nazo: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vitambulisho, kitabu cha Wazalendo, hati ya kiwanja na barua ya kuajiriwa kwake. Tulilinganisha majina herufi kwa herufi, mimi nikisoma na yeye akifuatisha kwa kidole. Tulikuta makosa manne. Pia aliniambia, bila ya mimi kumuuliza, deni lake la duka na kiasi cha mkopo uliosalia. Ilikuwa kazi ya saa mbili, na tulipomaliza hakuna aliyekuwa na hamu ya kusema neno, basi tukanywa chai. Asubuhi yake alikwenda masjala.

Wako wanaume wasemao kwamba kumwandika mke katika fomu ya namna hiyo ni kukiita kifo. Sijui kama kifo husoma fomu. Wako wengine ambao ugumu wao ni kwamba wana wake wawili, mmoja kambini na mmoja kijijini, na hakuna kati yao aliyewahi kuambiwa waziwazi habari za mwenzake. Kwa hao sina shauri jingine ila kwamba masjala ni mahali patulivu zaidi pa kulimaliza jambo hilo kuliko matangani. Fomu ina mistari ya kutosha. Watoto wa wote wawili waandikwe, kila mmoja kwa jina la kitambulisho chake, hata kama siku hiyo chai ya nyumbani itakuwa chungu. Na ninyi kina mama mnaosoma ukurasa huu, msingoje mume azungumze. Mwulizeni ni jina la nani lililo katika jalada lake. Akisema hakumbuki, jueni kwamba ni la mtu aliyekuwapo kabla yenu.

Katika kikosi chetu marekebisho hupokelewa kila Alhamisi kuanzia saa mbili asubuhi. Askari apeleke vyeti halisi pamoja na nakala mbili za kila kimoja, nakala hizo azitoe mjini, kwa kuwa mashine ya masjala imeharibika tangu sikukuu. Na kabla ya kuondoka amwombe karani amwonyeshe ukurasa wenyewe, jina likiwa limekwisha kuandikwa kwa wino.